Mwanamume Aliyemfuata Mkewe

Siku Chrispinus Were alipomwambia baba yake kwamba anamfuata mkewe Denmark, mzee Jairus hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono akaizima mashine ya kusaga, mahindi ya mteja yakiwa nusu yamesagwa na nusu bado, na kibanda kile cha mabati kikanyamaza mchana wa siku ya soko, jambo ambalo watu wa Lumakanda hawakuwa wamelizoea.

"Rudia," mzee alisema.

"Ninamfuata Awinja, baba. Makaratasi yametoka. Naondoka mwezi ujao."

"Umepata kazi gani huko?"

"Sijapata. Mwenye kazi ni Awinja."

Mzee Jairus akajipangusa unga kwenye nyusi. "Mwanaume hafuatangi mke," alisema. "Mke ndiye anafuatanga. Hata jogoo anajua hilo."

Mama aliyekuwa akingoja unga wake alijifanya anatafuta kamba ya kufungia gunia. Kabla jua halijatua, habari ilikuwa imefika kila kibanda cha soko, na ilipofika stendi ilikuwa imeota mkia: kwamba kijana wa Jairus anakwenda Ulaya kuoshea mke wake sufuria.

Chrispinus alikuwa na miaka ishirini na minane, kifungua mimba wa nyumba hiyo. Mashine ile ilikuwa yake kwa kila kitu isipokuwa jina. Tangu amalize kidato cha nne alikuwa akiisimamia. Alijua kwa kusikia tu kwamba chujio limetoboka au mkanda umelegea. Kila mtu aliona maisha yake yamekwisha kupangwa. Angesaga, angelima mahindi, angejenga kwenye kipande cha ardhi alichoonyeshwa na baba yake alipotoka jandoni, na siku moja angezikwa hapohapo.

Awinja alikuja kuuvuruga mpango huo. Alikuwa msichana wa Khwisero, mwanafunzi wa kilimo kule Bukura, aliyeletwa Lugari, upande wa kina Chrispinus, kwa mafunzo ya nyanjani kuwaonyesha wakulima namna ya kutengeneza sileji, yaani lishe ya akiba ya ng'ombe. Alichimbisha shimo, akajaza mahindi mabichi yaliyokatwakatwa, kisha akauliza nani ataingia kuyakanyaga hewa itoke. Wanaume kama ishirini walikuwa wamesimama pale, mikono mifukoni. Chrispinus akavua viatu akaruka ndani. Alikanyaga saa mbili nzima, huku wenzake wakimcheka na yule msichana akimwambia kwa ukali, "Pembeni pia! Usikanyage katikati tu kama mtu anayecheza ngoma!" Wakaanzia hapo. Mwaka uliofuata ng'ombe wa mahari walivuka kwenda Khwisero.

Hawakuwa wamekaa pamoja hata mwaka Awinja alipopata nafasi ya kwenda Denmark kujifunza kazi katika shamba la ng'ombe wa maziwa, miezi kumi na minane. Alikwenda. Hapo ndipo Chrispinus alipojua mume wa simu ni mtu wa namna gani. Alikuwa akisema "umekula?" kwa mtu aliyekwisha kula saa tatu zilizopita. Alikuwa akiambiwa "nimechoka" asiwe na la kufanya ila kusema pole. Awinja aliporudi, mwenye shamba akaandika kumwomba aende tena, safari hii kwa kibali cha kazi kilichomruhusu kwenda na mumewe. Awinja alikuwa na mimba changa. Walikuwa wakila chakula cha mchana alipomuuliza.

"Nikienda, utakuja?"

"Nitakuja."

"Usinijibu haraka hivyo. Unajua watasema nini."

"Wataongea mpaka wachoke," Chrispinus alisema. "Lakini huyo mtoto hatanijua kama uso ulio kwenye kioo cha simu."

Alifika Novemba, miezi miwili baada ya mkewe. Shamba lilikuwa kaskazini kabisa mwa nchi, mahali ambapo ardhi imelala kama meza na upepo hauna wa kuuzuia. Jua lilikuwa likizama saa kumi alasiri kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine. Walipewa nyumba ndogo ya matofali mekundu karibu na zizi la ng'ombe mia nne. Alitafuta kazi, akaambiwa kwanza ajifunze lugha. Akaanza kwenda darasani mara mbili kwa wiki, kwa baiskeli, akirudia maneno njiani kwa sauti mpaka koo likamuuma. Aliona watu wa kule wanayaacha maneno yao nusu njia, wanameza herufi za mwisho.

Mtoto akazaliwa Februari, theluji ikiwa imefika magotini. Msichana. Chrispinus akapiga simu nyumbani akasema jina ni Naliaka, jina la mama yake mzee Jairus.

"Naliaka ni mtoto aliyezaliwa wakati wa palizi," mzee alisema. "Huko mnapalilia nini? Theluji?"

"Nimempa jina la mama yako, baba. Sikumpa jina la jembe."

Simu ikakatika. Chrispinus hakupiga tena kuuliza kama ni mtandao.

Awinja alikaa na mtoto miezi minane, kisha akarudi kazini, kwa sababu likizo ya uzazi nchini mule wazazi hugawana. Chrispinus akabaki na Naliaka. Muuguzi wa watoto aliyekuwa akiwatembelea nyumbani akamshauri awe anamlaza mtoto nje mchana, ndani ya kigari, hata kukiwa na baridi.

"Nje wapi?" Chrispinus aliuliza, akidhani amekosea lugha.

"Hapo bustanini. Watoto wote hapa hulala nje."

Kwao Lumakanda mtu akimlaza mtoto nje kwenye baridi, majirani humwitia chifu. Siku ya kwanza Chrispinus alivaa jaketi mbili akasimama kando ya kigari mpaka mtoto alipoamka, mashavu yamewiva kama nyanya. Siku ya pili alikaa kwenye ngazi. Wiki ya tatu alikuwa akiosha vyombo na kuchungulia dirishani. Lakini kwa kutembea alikataa kigari. Upepo ulikuwa ukikisukuma kigari barabarani kama unataka kumnyang'anya mtoto, basi akatoa leso iliyotoka nyumbani, akamfunga Naliaka mgongoni kama alivyofungwa yeye, akaenda naye dukani, maktabani, na kwenye kikao cha Jumatano ambapo kina mama wa kijiji walikusanyika na watoto wao. Alikuwa mwanamume peke yake mle ndani. Mara ya kwanza mazungumzo yalikatika alipoingia. Aliketi sakafuni, akamfungua mtoto, akauliza kwa lugha yao iliyovunjikavunjika nani anajua dawa ya meno yanayoota. Wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Awinja alimpiga picha siku moja akitoka dukani hivyo: leso mgongoni, kichwa cha Naliaka kimechomoza begani, mkononi mfuko wa viazi. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia bila kufikiria. Baada ya nusu saa ukaja ujumbe wa sauti wa Philip, mdogo wake mzee Jairus, ambaye alipenda kusema kuliko kusikiliza.

"Chrispinus! Hicho ni nini mgongoni? Tulikupeleka Ulaya ukawe yaya? Mwacha mila ni mtumwa! Toa hiyo picha, watu wanaiona."

Chrispinus alijibu kwa kuandika: "Hakuna aliyenipeleka, baba mdogo. Nilikuja mwenyewe. Na huyu mgongoni ni mwanangu."

Picha hakuitoa. Jumapili iliyofuata akatuma nyingine, akimlisha uji. Jumapili nyingine, akianika nguo ndogondogo kwenye kamba. Akaendelea hivyo miezi mingi, kila Jumapili baada ya saa za kanisa, wakati alipojua kwamba kila mtu Lumakanda ameshika simu. Awinja alimwambia, "Sasa unawachokoza." Akasema, "Ndiyo."

Kiangazi kilipofika, siku zikawa ndefu kiasi cha mtu kusahau kulala, naye akaanza kusafiri. Awinja akienda kukamua, yeye alifunga mtoto mgongoni akapanda treni. Alifika ncha ya juu kabisa ya nchi, ambapo mchanga unaishia na bahari mbili zinakutana, mawimbi ya huku yakipigana na ya kule. Alimshusha Naliaka, akamshika makwapani, akamchovya mguu mmoja huku na mmoja kule, na mtoto akapiga kelele kwa baridi mpaka watalii wakageuka. Awinja alipopata likizo, walivuka kwa meli mpaka Norway, na hema la kuazima. Walilala milimani. Huko Chrispinus aligundua kwamba mkewe hajui kupumzika. Hata likizoni alipanda uzio wa watu kuchungulia viwele vya ng'ombe wasio wake, akitikisa kichwa. "Huyu anaumwa," alikuwa akisema. "Huyu hajakamuliwa vizuri." Chrispinus alimvuta kwa mkono kama mtoto mtundu.

Mwezi Juni walikwenda mji mkubwa wa Aarhus kukutana na Wakenya wengine kwa nyama choma ya sikukuu ya Madaraka. Mchoma nyama alikuwa Anwar, kijana wa Mumias, dereva wa basi, msemaji sana. Alipomwona Chrispinus na leso yake akaita mbele ya wote, "Asalaam alaikum, Mama Naliaka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Chrispinus akamkaribia mpaka moshi ukawa kati yao.

"Waalaikum salaam. Wewe wako wanakuita nani?"

"Wangu?" Anwar alibaki amekishika kisu hewani. Alikuwa na watoto wawili Mumias kwa mama yao, Zeituni, na katika miaka saba alikuwa amewaona mara mbili. "Wangu wananiita Anko," alisema mwishowe. "Mdogo anadhani mimi ni ndugu ya mama yake."

Anwar alinawa mikono, akaomba kumbeba Naliaka, akatembea naye alasiri yote kwenye nyasi, nyama akiwaachia wengine waiunguze.

Si kwamba ndani ya nyumba yao mambo yalikuwa shwari kila siku. Majira ya baridi yaliyofuata, ng'ombe watatu walizaa ndama wafu wiki moja, na Awinja, ambaye alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, alirudi saa sita mchana akakuta sinki limejaa vyombo na Chrispinus amekaa sakafuni akijenga mnara wa vibao na mtoto.

"Mimi nimeshinda mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani," alisema, "na wewe unacheza. Hata baba yako anajua hii si kazi ya mwanaume."

Chrispinus alisimama taratibu. Akavaa jaketi, akavaa buti, akatoka. Alitembea kwenye barabara ile iliyonyooka, upepo ukimpiga kifuani, akipanga maneno. Alifika mpaka kwenye kituo cha basi akasoma ratiba. Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwapo. Alilitazama jina la uwanja ule kwa muda. Kisha akageuka nyuma. Hakurudi kwa sababu amemsamehe. Alirudi kwa sababu chakula cha mtoto cha saa nane hakikuwa kimepikwa na Awinja alikuwa amechoka mno asiweze kukumbuka.

Alimkuta mlangoni na soksi tu miguuni, mtoto kiunoni.

"Nimesema maneno ya baba yako kwa mdomo wangu," Awinja alisema.

"Basi usiyaazime tena."

"Siyaazimi."

Wakaosha vyombo pamoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtajia mwenzake jambo hilo, lakini Awinja alipokuwa akirudi kazini alikuwa akiingia na kuuliza kwanza, "Siku yako ilikuwaje?" Na Chrispinus alikuwa akimweleza, urefu kwa upana.

Desemba ya mwaka jana walikuja nyumbani kwa wiki tano. Naliaka alikuwa akikimbia na kusema maneno ya lugha tatu katika pumzi moja. Phoebe, mama yake Chrispinus, alimbeba tangu getini na hakumtua mpaka alipolala. Mzee Jairus alimpa Chrispinus mkono, akampa Awinja salamu ya mbali kama adabu ya mkwe inavyotaka, akasema wageni wamechoka, wapumzike. Lakini Jumapili ya pili, baada ya kanisa, Chrispinus alikuta viti sebuleni vimepangwa mviringo. Philip alikuwepo, na wazee watatu wa ukoo. Awinja aliwekewa kigoda karibu na mlango, akageuza uso pembeni kwa heshima ya baba mkwe.

Philip ndiye aliyesema. Alisema familia imekaa, imewaza. Mtoto abaki na nyanya yake, kukhu Phoebe, akue kama watoto wengine. Chrispinus arudi kwenye mashine, kwa sababu mzee anazeeka. Awinja anaweza kurudi Denmark amalize mkataba wake. Hakuna aliyemkatalia mtu kazi.

Hapo harufu ikaenea. Naliaka, aliyekuwa akicheza chini ya meza, alikuwa amejichafua. Sylvia, dada yake Chrispinus, aliinuka upesi kutoka jikoni kumchukua.

"Kaa, Sylvia," Chrispinus alisema.

Akafungua mfuko, akatandika kitambaa katikati ya viti vile, akamlaza mtoto mbele ya wazee, akaanza kumvua nepi. Wazee wawili wakageuka dirishani. Philip akanyamaza, mdomo wazi.

"Endelea, baba mdogo," Chrispinus alisema bila kuinua kichwa. "Ni mikono tu iliyo na kazi. Masikio yako huru."

Ni mzee Jairus aliyesema, kwa sauti ya chini. "Babu yako alifika hapa wakati wa skimu ya kugawa mashamba. Kulikuwa na nyasi na nyoka. Alikuja mbele, mke nyuma. Sasa wewe unatuonyesha nini?"

Chrispinus akamfunga mtoto nepi safi, akamsimamisha, akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha.

"Babu alihama kufuata shamba, baba. Mimi nimehama kufuata watu wangu. Kama kuhama ni kosa, kikao hiki kianze na babu." Akawageukia wote. "Mtoto wangu habaki. Na mimi sibaki. Baba mdogo alisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi mtumwa ninayemjua ni yule anayeachana na mwanawe kwa kuogopa watu watasema."

"Unamjibu baba yako hivyo?" mzee mmoja aliuliza.

"Ameniuliza. Nimemjibu."

Phoebe aliingia na birika la maji ya kunawa. Nyuma yake jikoni ingokho, yule kuku wa wageni, ilikuwa imeiva na obusuma, yaani ugali, umeshapakuliwa. Alianza kumwagia maji mzee wa kwanza.

"Mimi nilitoka kwetu Malava nina miaka kumi na tisa," alisema, kama mtu anayeongea na birika. "Nikamfuata mtu niliyemjua mwezi mmoja. Sikumbuki wakiniitia kikao."

"Phoebe," mzee Jairus alisema.

"Nawa, baba Chrispinus. Chakula kinapoa."

Wakanawa, wakala. Wazee walipoondoka, mzee Jairus alisimama mlangoni akatoa hukumu yake: asiyekaa hapa hana pa kujenga hapa. Kipande kile kitapewa mwingine.

Kesho yake asubuhi Chrispinus alikuwa kwenye kipande kile na kamba, vigingi na mafundi wawili kutoka sokoni. Akapima msingi. Kufikia mchana Philip akaja, akanong'ona na mafundi, nao wakakusanya vifaa vyao wakaenda zao, wakimwomba msamaha kwa macho. Chrispinus akashika sepeto. Awinja akavaa gambuti zake za zizini, akakunja sketi, akaanza kukoroga udongo na saruji kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Waliopita barabarani walisimama kutazama. Wengine walicheka. Mama mmoja aliyekuwa amebeba maji alisimama muda mrefu, kisha akatua ndoo yake akawamwagia kwenye udongo, akarudi kisimani kuteka nyingine.

Wakajenga wiki tatu, Naliaka mgongoni kwa zamu, leo kwa mama, kesho kwa baba. Mikono ya Chrispinus ilitoka malengelenge. Miaka miwili ya nepi na viazi ilikuwa imeilainisha, na hakuona haya kulisema. Mzee Jairus alipita kwenye kijia kilicho kando kila asubuhi na kila jioni. "Karibu, baba," Chrispinus alimwita kila mara. Mzee hakugeuza shingo. Lakini hakuleta mtu wa kubomoa, na hakumpa mwingine kipande kile, ijapokuwa Philip alikuwa na mwanawe tayari kukipokea.

Siku ya kuondoka ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha. Mzee alisema kichwa kinamuuma, akajifungia chumbani. Chrispinus alikwenda akasimama nje ya mlango ule uliofungwa.

"Baba, tunaondoka. Desemba tutarudi kuezeka."

Alisikia kitanda kikilia, mtu akijigeuza. Akasema, "Baki salama," akaenda.

Sasa ni Aprili. Chrispinus amepata kazi katika kituo cha kulelea watoto kule kijijini Denmark, mwanamume pekee kati ya walezi sita, na Naliaka yuko chumba cha pili. Mvua zimeshika Lugari. Phoebe ametandika nailoni juu ya ukuta na kuikandamiza kwa mawe, akatuma picha. Mzee Jairus bado hajaongea na mwanawe. Philip ametuma ujumbe wa sauti akiuliza kama ni kweli anachosikia, kwamba kijana wa Jairus sasa analipwa kwa kupangusa makamasi ya watoto wa wazungu.

Chrispinus alimjibu kwamba ni kweli, na kwamba ameulizia bei ya mabati.